Siti tatu tupu pembeni yangu: nilivyojifunza kupima tiketi ya komedi kabla ya kuinunua niuze

Kicheko kikubwa kuliko vyote usiku ule kilikuwa cha kwangu, yaani walinicheka mimi. Nilikaa safu ya nne, upande wa kushoto, na pembeni yangu siti tatu hazina mtu wakati ukumbi karibu wote umejaa. Mchekeshaji akaja mpaka ukingoni mwa steji, akakinga macho kwa mkono kwa sababu ya mataa, akaniangalia, akaziangalia zile siti, akasema "mzee, hao watatu wamekuacha kwa mpigo au walipeana zamu?" Watu hoi. Nikacheka na mimi, ningefanyaje, ila kichwani napiga hesabu maana siti zote tatu zilikuwa zangu, nimezilipia mwenyewe, na mpaka dakika ishirini kabla sijaingia nilikuwa bado nashusha bei kwenye simu nikisubiri hata mtu mmoja anionee huruma. Nilipogeuka nyuma nikaona mapengo mengine, mawili hapa, mawili kule, nikajua hao ni wenzangu, sema wao walikuwa na akili ya kubaki nyumbani.

Tiketi za komedi nimenunua na kuuza kama miaka sita hivi. Sio kazi yangu na sijatajirika, ukijumlisha faida ukatoa hasara nadhani nimebaki na hela ya simu moja ya kawaida, lakini nimejifunza vitu ambavyo mtu angeniambia mapema ningeokoa pesa na aibu.

Kilichoniponza ni faida ya kwanza. Nilikata mbili za kwenda mimi na mwenzangu, wiki ya shoo ratiba ya kazi ikageuka, nikaziweka mtandaoni kwa zaidi ya mara mbili ya bei niliyonunulia, nikijua nitashusha baadaye. Sikumaliza hata kunywa chai, zikawa zimeondoka. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini zimetoka haraka vile. Mimi nikajiambia basi, huyu jamaa ni maarufu, maarufu wanauza, nitafute maarufu mwingine. Kumbe kilichouza sio jina. Ukumbi ulikuwa mdogo, usiku mmoja tu, Ijumaa, na kesho yake jamaa alikuwa na shoo mji mwingine tayari inauzwa. Hakukuwa na namna yoyote ya tiketi kuongezeka, ila hilo nilikuja kulielewa baada ya kuliwa.

Shoo iliyofuata nikanunua nane. Nane! Jina kubwa zaidi, ukumbi mkubwa zaidi, asubuhi ile ya mauzo foleni ya mtandaoni ndefu, tiketi zikaisha ndani ya muda mfupi sana na mimi nina nane kwenye akaunti, najiona tajiri. Mchana huo huo likaja tangazo: kutokana na mahitaji makubwa, usiku wa pili umeongezwa. Siku mbili baadaye usiku wa tatu. Nilifanikiwa kuuza nne kwa hasara, nne zilizobaki ndo hizo, moja nikaikalia mwenyewe na tatu zikanifanya nichekwe na ukumbi mzima.

Hapa ndo penye kiini cha jambo lenyewe na nataka nikae hapa kidogo. Wengi tunapima tiketi ya komedi kama vile ni ya muziki. Bendi ikija ina malori, ina jukwaa la kufunga na kufungua, wapiga vyombo, mafundi wa taa, kuongeza usiku mmoja ni gharama na usumbufu. Mchekeshaji wa stendapu anataka maiki, kigoda, na chupa ya maji. Kama ukumbi upo wazi kesho na yeye yupo wazi kesho, promota anapiga simu mbili tu, siti elfu kadhaa zimezaliwa upya, na kila moja ni mshindani wa yako. Na wanaongeza kwa makusudi, hawakurupuki, wanatangaza usiku mmoja kwanza ili ujae haraka watu wapagawe, ndo wanafungua wa pili.

Mfano mzuri ni Monty Python, kundi la wachekeshaji, wale wazee wa Uingereza waliporudi pamoja 2014 pale ukumbi wa O2, London. Walitangaza usiku mmoja tu, tarehe 1 Julai, tiketi zikaisha kwa sekunde 43.5. Fikiria wewe ni mtu wa kuuza na umebahatika kupata mbili ndani ya hizo sekunde, si unaona umeokota dhahabu? Siku hiyo hiyo wakaongeza siku nyingine, na mwisho wa yote wakafanya shoo 10. Na hawa hata sio stendapu ya maiki na kigoda, walikuwa na madansa na mapambo ya steji, bado waliongeza mpaka kumi. Peter Kay naye, mchekeshaji wa Uingereza, ziara yake ya 2010 mpaka 2011 aliuza tiketi zaidi ya milioni moja, mtu mmoja anaongea. Na viwanja vya mpira pia wanajaza, Kevin Hart Agosti 2015 alikusanya watu kama 53,000 Philadelphia, Mario Barth wa Ujerumani alishakusanya zaidi ya 67,000 Berlin mwaka 2008. Ukisikia namba hizo unapata mshawasha, lakini mimi siku hizi naona zile ni siti 67,000 zinazoweza kushindana na yangu.

Kwa hiyo sasa hivi shoo ikitangazwa, mchekeshaji namuangalia mwisho. Cha kwanza nafungua ratiba nzima ya ziara na kalenda ya ukumbi, naziweka pamoja. Kama yupo hapa Ijumaa na shoo inayofuata ni Jumanne, mji wa jirani, halafu ukumbi Jumamosi hauna kitu, hiyo Jumamosi ni ya kwake, haijatangazwa tu. Siinunui ya Ijumaa kwa lengo la kuuza hata wakinilazimisha. Kama Jumamosi yupo mbali na tiketi zake zimeshaanza kuuzwa, hapo naanza kukaa vizuri kwenye kiti. Halafu naangalia saa ya kuanza, hii watu wengi hawaioni kabisa. Shoo ya stendapu na yule anayefungua haizidi saa moja na nusu mara nyingi, mbili ikienda sana. Ukiona wameandika inaanza saa moja usiku jiulize kwa nini mapema hivyo, saa tatu na nusu si wanaweza kuingiza watu wengine? Iliyoandikwa saa mbili na nusu kidogo ina afya, kubana ya pili baada ya hapo ni kazi. Nimeshakosea kwenye hili pia lakini mara nyingi limeniokoa.

Ukubwa wa ukumbi siuangalii wenyewe, naulinganisha na mara ya mwisho alivyokuja. Mtu aliyejaza ukumbi wa watu 300 mwaka jana, katikati hapo video zake zimesambaa, halafu amerudishwa ukumbi wa 500, hapo kuna njaa. Mtu yule yule akiruka moja kwa moja kwenye ukumbi wa 8,000, hapo hata promota mwenyewe anasali. Nimegundua pia hawa wenye podikasti ni tofauti na wa kwenye televisheni. Wa televisheni anajulikana na kila mtu, lakini kujulikana sio kulipiwa, watu wanasema "aah huyu namjua" wanaendelea na safari. Wa podikasti unaweza ukauliza watu kumi mtaani hakuna anayemjua, ila wa kumi na moja amesikiliza kila kipindi, yupo tayari kusafiri, na akikosa tiketi anaumwa kweli kweli. Tiketi yako inanunuliwa na huyu wa kumi na moja. Unachotafuta ni nani atakosa, na akikosa ataumia kiasi gani.

Siti nazo. Kwenye muziki mbele ndo bei. Kwenye komedi nilinunua safu ya kwanza mara moja, katikati kabisa, nikaweka bei ya kibabe. Wiki tatu hakuna hata anayeuliza. Safu ya tano na sita zinaondoka, zangu zipo tu. Mwishowe dada mmoja akanitumia ujumbe:

"Kaka hizo siti si zile za kuulizwa maswali?"

Nikamwambia ndiyo ziko mbele kabisa unamuona mpaka jasho.

"Basi hapana, mume wangu ana kipara, tutachambwa."

Nilicheka lakini alinifundisha. Watu wanaogopa safu ya kwanza ya komedi, na waliochekwa kama mimi tunajua kwa nini. Zinazouzika ni kuanzia safu ya nne mpaka ya kumi hivi, katikati, unaona sura ya mtu bila kutegemea skrini na yeye hakuoni. Juu kabisa kwenye kumbi kubwa usiguse, kule mtu anaangalia skrini, na kuangalia skrini anaweza akafanya nyumbani bure. Na nunua mbili-mbili. Komedi ni kitu cha wawili, wapenzi, marafiki, mtu na dada yake. Ukiwa na tatu utauza mbili, moja itakufia mkononi, ni wachache wanaokwenda kucheka peke yao. Nne zinafaa kama mfumo unakuruhusu kuzigawa mbili-mbili.

Hesabu sasa. Hii ni fupi ila ndo inaua wengi. Tuseme tiketi ni 100, hela yoyote unayotumia wewe, na mtandao uliokuuzia umekupiga chaji 12, umetoa 112. Unaiweka sokoni 130 unajiona mjanja. Mtandao wa kuuzia unakata asilimia 15, unabaki na 110.50, umekula hasara na hujui. Wakati huo huo mnunuzi naye ameongezewa chaji yake, labda asilimia 20, analipa 156 kwa tiketi ya 100 na anakutukana wewe mlanguzi. Kwa makato hayo lazima iuzwe karibu 132 ndo urudishe hela yako tu, bila hata ahsante. Mimi sasa kama sioni uwezekano wa kuuza kwa mara moja na nusu ya bei rasmi siendelei, naona heri hela ilale.

Na muda wa kuuza. Kuna siku mbili tatu za mwanzo baada ya tiketi kuisha, watu bado wana hasira ya kukosa, hapo bei ipo juu. Halafu inalala. Wiki na miezi katikati hapo hakuna mtu anayefikiria shoo ya miezi minne ijayo, na wauzaji wenye wasiwasi wanaanza kushusha, mmoja akishusha wote wanashusha, ukiangalia kila siku utapata presha bure. Siku mbili za mwisho inaweza kupanda au kuporomoka, na kinachoporomosha mara nyingi ni ukumbi wenyewe. Kumbi zinashikilia siti, za wageni wa msanii, za kamera, za sehemu ambazo hawajajua spika itakaa wapi. Steji ikishapangwa, zile ambazo hazikutumika wanaziachia kwa bei rasmi, mara nyingine asubuhi ya shoo yenyewe, na ni nzuri kuliko za kwako. Ule usiku wangu wa siti tatu ndo kilichonimalizia, mchana zilitokea siti za safu ya pili na ya tatu kwa bei ya kawaida, nani tena aje kwangu?

Kuna mambo huwezi kuyapima. Machi 2022 mchekeshaji Chris Rock alipigwa kibao kwenye tuzo za filamu za Oscar mbele ya dunia nzima, na siku chache tu mbele alikuwa na shoo Boston. Mtandao mmoja wa kuuza tiketi ulisema umeuza tiketi zake nyingi zaidi usiku mmoja kuliko mwezi mzima uliopita, na bei ya chini ikapanda karibu mara tisa. Waliokuwa nazo walipata bahati, hawakupima kitu, na nilisoma ile habari nikaona wivu kabisa lakini huwezi kupanga biashara kwa kusubiri watu wapigwe makofi. Upande wa pili, Septemba 2023 Trevor Noah alifuta shoo zake mbili Bengaluru, India, kwa sababu ya sauti ukumbini, watu wa nyuma hawasikii kitu, na waliokata wakarudishiwa. Shoo ikifutwa hela inarudi kwa aliyenunua mwanzo, ambaye ni wewe, na wewe inabidi umrudishie uliyemuuzia, na chaji ulizolipa huku na kule mara nyingi hazirudi zote. Ndo maana mitandao mingi haikupi hela mpaka shoo ipite. Kama hela unayoizungusha ni ya kodi ya nyumba, acha kabisa.

Ambalo ningeanza nalo kama ningekuwa na adabu ni sheria. Sehemu nyingine unachofanya ni kosa. Ireland wana sheria ya 2021 inayokataza kuuza juu ya bei rasmi kwa kumbi na matukio yaliyoorodheshwa. Marekani tangu 2016 kutumia programu za roboti kukwepa vizuizi vya ununuzi imekatazwa. Na pale ambapo sheria haikugusi, msanii mwenyewe anaweza. Mchekeshaji wa Marekani Louis C.K. mwaka 2012 aliuza tiketi za ziara yake kwenye tovuti yake, bei moja dola 45 kila mahali, na akasema akikuta umeiweka mahali kwa bei ya juu anaifuta. Siku hizi tiketi nyingine zina jina la mnunuzi, nyingine msimbo wake unabadilika kila sekunde kadhaa kwenye simu kwa hiyo skrinishoti haifai, nyingine huwezi kumhamishia mtu mpaka siku moja kabla. Mimi nilishafutiwa mbili kwa sababu sikusoma yale maandishi madogo ya chini, na nilipolalamika nikajibiwa kwa upole sana kwamba nilikubali mwenyewe. Kweli, nilikubali. Na usiuze tiketi ambayo hujaishika, kuna watu wanatangaza siti kabla hata mauzo hayajaanza wakitegemea watazipata, huo ni utapeli.

Najua kuna watakaosema mimi ni mlanguzi tu nimepamba maneno. Sibishi sana. Ile mara ya tiketi nane nilikuwa mlanguzi, nilinunua siti nane za watu waliotaka kucheka, kwa lengo la kuwabana, na nikabanwa mimi. Kuna baba mmoja aliyenunua mbili kati ya zile nne nilizouza kwa hasara, akaniuliza "kaka mwisho ngapi, nataka kumpeleka binti yangu amemaliza mitihani", nikashusha, na nilipokuwa pale safu ya nne niliwaona, safu mbili mbele yangu, yule binti amejiinamia kwa kucheka mpaka baba yake anamshika bega asianguke. Tangu hapo sinunui zaidi ya mbili, na nanunua za shoo ambayo zikinigomea nitakwenda kuikalia mwenyewe bila kununa. Ukiweka kigezo hicho, nusu ya tamaa inakufa yenyewe.

Kuna kitu kidogo nilitaka kusahau, rekodi. Mchekeshaji akitoa shoo yake kwenye mtandao wa filamu halafu ndo atangaze ziara mpya, hapo vizuri, watu wamemuona wanataka mpya. Akiitoa katikati ya ziara hiyo hiyo, wanunuzi wanaanza kuuliza "si ndo ile tuliyoiona?" na hata kama sio ile huna namna ya kuwahakikishia. Kabla sijanunua huwa naangalia kama kuna tetesi za kurekodi.

Juzi hapa imetangazwa moja, jina kubwa, nimetumiwa na watu watatu tofauti "mzee fursa hiyo". Ijumaa, inaanza saa moja usiku. Nikafungua ratiba, shoo inayofuata ni Jumatatu. Nikafungua kalenda ya ukumbi, Jumamosi nyeupe. Mwenzangu anaangalia juu ya bega langu ananiuliza hununui sasa, zitaisha. Nikamwambia ziishe. Zikaisha kweli, mchana wake, na jioni ikatangazwa Jumamosi, nikakata mbili safu ya saba, na hizo siziuzi.